Nitumie Faili, Usinitumie Folda

Msimu wa basari ukifika, vikundi vya WhatsApp vya Bumula, kaunti ya Bungoma, havilali. Mmoja anabandika linki, wa pili anaisukuma kwa kikundi cha wazazi, wa tatu anaipeleka kwa kikundi cha kanisa, na kabla jua halijazama linki ile ile imeshapita Kimaeti, Khasoko, Siboti na Kabula. Kinachotafutwa ni kitu kimoja tu: fomu ya kujazwa, kupigwa mhuri wa chifu na kurudishwa kabla ya tarehe ya mwisho. Lakini mzazi akiigusa linki, hakutani na fomu. Anakutana na folda. Humo ndani mna orodha ya waliopewa mwaka jana, picha za kukabidhi hundi, barua mbili tatu, na faili zenye majina kama "scan0012" yasiyomwambia mtu lolote. Simu inazunguka weee. Mwishowe inamtaka aingie kwa akaunti yake, na nywila aliisahau siku ile ile aliyonunua simu.

Hapo ndipo mhudumu wa saiba anapopata riziki. "Mama, hebu nitumie hiyo linki," anasema, na mama anaituma. Kijana anafungua folda kwenye kompyuta, anapekua, anaiona fomu. "Ni kurasa ngapi?" "Nne, mama. Niprinti zote?" Analipwa kwa kila ukurasa, na ni haki yake. Ila kazi ile ya kupekua folda hadi kuifikia faili ilipaswa kufanywa mara moja na yule aliyebandika linki mwanzoni, si kurudiwa na kila mzazi kwa bando lake mwenyewe.

Linki ya folda na linki ya faili zinafanana machoni, lakini tofauti yake inaonekana mfukoni. Ni sawa na kumwambia mgeni aende soko la Bumula siku ya soko, hali unajua fika kwamba anachotaka ni omena za mama fulani wa kibanda cha tatu mkono wa kushoto. Sokoni atafika. Kama ataziona omena kabla matatu haijaondoka, hilo ni jambo jingine.

Hifadhi za mtandaoni si ngeni tena. Dropbox ilianzishwa Marekani mwaka wa 2007. Google Drive ilifunguliwa Aprili 24, 2012, na mwaka uliofuata kampuni ikaunganisha nafasi ya Gmail, Drive na picha kuwa gigabaiti 15 za bure kwa kila akaunti. Wengi mashinani hawakuwahi kuomba Drive. Walinunua simu ya Android, simu ikadai akaunti ya Gmail ili duka la programu lifunguke, muuzaji mjini Bungoma akawafungulia hiyo akaunti pale pale kaunta, na Drive ikaja nayo. Leo mwalimu wa sekondari msingi akitaka kuwagawia wenzake maazimio ya kazi ya Gredi ya 9, au katibu wa chama akitaka kuweka mahesabu mahali wanachama wote watayaona, huko ndiko anakokimbilia. Anatengeneza folda, anatupia kila kitu humo, ananakili linki ya folda, basi. Kwa upande wake kazi imekwisha.

Ukiitazama linki yenyewe kwa utulivu, inajieleza. Ya folda huanza na drive.google.com/drive/folders/ halafu unafuata mkufu mrefu wa herufi na tarakimu. Ya faili huanza na drive.google.com/file/d/ kisha mkufu wake, kisha neno view. Mkufu huo, ambao mara nyingi una alama 33, ndio utambulisho wa faili. Google haiijui faili kwa jina la "Fomu ya Basari". Jina unaweza kulibadilisha kutwa mara kumi na linki isikatike. Unaweza hata kuitoa faili kwenye folda moja na kuiweka kwenye nyingine, na mkufu ukabaki ule ule. Hivyo anwani kamili ya faili ipo tangu dakika ilipopakiwa, na kuipata hakuhitaji utaalamu wowote: ndani ya folda, gusa vidoti vitatu vilivyo kando ya jina la faili, chagua kunakili linki, na uibandike hiyo badala ya ile ya folda.

Kabla ya kuibandika kuna swali la ruhusa, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Faili mpya huwa ya mwenyewe peke yake hadi aifungue. Akisahau kuchagua kwamba mtu yeyote mwenye linki anaweza kuitazama, kila mzazi atakutana na kitufe cha kuomba ruhusa. Maombi hayo huenda kwenye Gmail ya mwenye faili, na mwenye faili, kama watu wengi, mara ya mwisho aliifungua Gmail alipokuwa akituma maombi ya kazi. Dawa ni nyepesi. Kabla ya kutuma linki kwa watu, ifungue mwenyewe kwenye dirisha la siri la kivinjari, lile lisilokumbuka akaunti yako. Ikifunguka hapo, itafunguka Khasoko.

Hata hivyo, linki ya faili nayo ina hatua mbili. Ile yenye view mwishoni haikupi faili. Inakupa ukurasa wa kuitazamia faili, na ukurasa huo ni programu nzima inayopaswa kupakiwa kwenye simu kwanza. Kwenye kompyuta yenye waya wa faiba hutahisi lolote. Kwenye simu ya zamani iliyojaa picha, yenye bando la saa moja linaloyoyoma, utahisi sana. Wanaotaka faili ishuke moja kwa moja huchukua ule mkufu na kuuweka mwishoni mwa anwani nyingine: drive.google.com/uc?export=download&id= kisha mkufu wenyewe, bila nafasi katikati. Anayegusa linki hiyo haonyeshwi ukurasa wa kutazamia. PDF inaanza kushuka. Ikiwa ni hati iliyoandikiwa ndani ya Google yenyewe, yaani haijawahi kuwa faili ya kompyuta, anwani yake huishia na edit. Ondoa neno hilo na chochote kinachofuata, weka export?format=pdf, na Google itakutengenezea PDF papo hapo.

Kampuni nyingine zina mbinu zake. Linki ya Dropbox huishia na dl=0; geuza sifuri iwe moja, na faili inashuka bila maswali. Hifadhi za Microsoft wanazotumia vyuo na mashirika mara nyingi hukubali kuongezewa download=1 mwishoni. MediaFire, kipenzi cha madijei, haikubali mchezo huo kirahisi: kwanza inakupitisha kwenye ukurasa wa matangazo, kwa kuwa matangazo ndiyo yanayolipia huduma ya bure, na anwani halisi ya faili huwa ya muda. Ukiinakili leo na kumtumia mtu wiki ijayo, atakuta imekufa.

Jambo moja la kuangalia unapopunguza linki: usikate kila kinachoonekana kama takataka. Septemba 13, 2021, Google ilianza kuongeza ufunguo wa ziada kwenye linki za baadhi ya faili za zamani, kipande kinachoanza na resourcekey, na aliyekinyoa kwa kudhani ni urembo alikuta mlango umefungwa. Linki za sasa za Dropbox nazo zina kipande cha rlkey ambacho hakiondoleki.

Mbinu ya kupakua moja kwa moja ina mipaka yake pia. Faili ikizidi takriban megabaiti 100, Google husema haiwezi kuikagua virusi na kuweka ukurasa wa onyo katikati, kwa hivyo video ya harambee haitashuka kwa mguso mmoja hata ufanyeje. Faili ikipakuliwa na watu wengi mno kwa muda mfupi, Google huifunga kwa muda, mara nyingi kama saa 24, kwa madai kwamba kiwango kimepita. Fomu ambayo wazazi wote wa eneobunge wanaikimbilia siku ya mwisho ni faili ya aina hiyo hasa. Na mwanzoni mwa 2024, tovuti nyingi ndogo za shule na makanisa ziliamka zikiwa na mapengo: picha zilizokuwa zimebandikwa humo kutoka Drive kwa anwani ya moja kwa moja ziliacha kuonekana baada ya Google kubadilisha utaratibu wake. Drive ni ghala la kushirikiana, haikujengwa iwe mtambo wa kurusha tovuti, na asiyejua hilo hujengea juu ya mchanga.

Mtu anaweza kuuliza, mbona shida yote hiyo? Si aichukue ile PDF aitume yenyewe kwa WhatsApp? Kwa fomu moja ya kurasa nne, kweli, mara nyingi hiyo ndiyo njia bora. Tangu 2022 WhatsApp inaruhusu faili hadi gigabaiti 2, kutoka megabaiti 100 za hapo awali. Lakini faili iliyotumwa huzaana. Ya mwaka jana inaibuka tena katika kikundi cha ukoo, inasambazwa kwa nia njema, na mzazi anaijaza, anagongewa mhuri, anapanda boda hadi ofisini ndipo aambiwe fomu ilibadilika. Nakala ikishatawanyika kwenye simu elfu moja hakuna wa kuirudisha. Anwani moja inayofikisha kwenye faili moja haina tatizo hilo, na nchi nzima ya Kenya iliwahi kushuhudia thamani yake kwa siku kadhaa za presha.

Ilikuwa Agosti 2022. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, ilikuwa chini ya marehemu Wafula Chebukati, wakili wa magharibi ambaye mwaka wa 2007 aliutafuta ubunge wa Saboti, kule Kitale, kwa tiketi ya ODM. Miaka mitano nyuma, Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilikuwa imefuta uchaguzi wa urais ulioendeshwa na tume hiyo hiyo, na mojawapo ya vidonda vikubwa vya kesi ile ilikuwa fomu za matokeo za vituoni, ziitwazo 34A: tume ilimtangaza mshindi kabla haijawa na fomu zote za 34A mkononi. Tena mwaka huo huo wa 2017, katika kesi iliyofunguliwa na Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeamua kwamba matokeo yaliyotangazwa kituoni ndiyo ya mwisho. Maana yake ni kwamba karatasi iliyojazwa usiku darasani, kwa mwanga wa taa, ikatiwa sahihi na mawakala, ndiyo hati yenyewe. Yote yanayofuata ni hesabu ya kujumlisha.

Kwa hiyo, baada ya kura ya Agosti 9, 2022, tume iliweka picha za fomu hizo kwenye tovuti ya umma. Vilikuwapo vituo 46,229, kila kimoja kikiwa na wapigakura wasiozidi 700, na kila kimoja kilipata faili yake. Hukuhitaji akaunti. Hukuhitaji kuomba ruhusa. Mtu wa Bumula alichagua kaunti ya Bungoma, akachagua eneobunge lake kati ya tisa za kaunti hiyo, akachagua wadi, akashuka hadi shule aliyopigia kura, akagusa mara ya mwisho, na fomu ikafunguka: mwandiko wa msimamizi wa kituo, idadi za kura, sahihi za mawakala anaowajua kwa sura. Angeweza kutembea hadi shuleni na kuilinganisha na nakala iliyobandikwa mlangoni. Ndani ya siku mbili hivi zaidi ya fomu tisa kwa kila kumi zilikuwa zimeonekana.

Kilichofuata kilikuwa fujo, kwa kuwa tume ilitoa faili bila kutoa jumla yake. Vyombo vikubwa vya habari viliweka watu wa kusoma fomu moja moja na kunakili tarakimu. Kila kimoja kilianza upande wake wa nchi, na kwa siku kadhaa runinga zilionyesha wagombea tofauti wakiongoza kwa wakati mmoja. Vijana wanaojua kuandika programu walitengeneza vijiprogramu vya kupakua fomu zote kwa mpigo, kazi ambayo isingewezekana kama fomu zingekuwa zimefungwa kwenye mafurushi ya kaunti 47. Kesi ya kupinga matokeo ilipofika Mahakama ya Juu, na madai yakatolewa kwamba fomu zilinaswa njiani na kuchezewa, ukaguzi ulioamriwa na mahakama ulilinganisha zile za tovutini na karatasi halisi zilizopelekwa Bomas, kituo kikuu cha kujumlishia kura. Uamuzi wa Septemba 5, 2022 ulisema hakukuwa na tofauti ya maana kati yake. Mtu anaweza kubaki na maoni yake kuhusu uchaguzi ule, na wengi wamebaki nayo. Lakini bishano la kinyozi lilikuwa na jibu la kugusa: ukidai kituo fulani kilipikwa, mwenzako anakwambia ufungue.

Kuna siri ndogo katika mpango wa vituo hivyo inayostahili kutazamwa kwa karibu. Kila kituo cha kupigia kura Kenya kina nambari ya tarakimu 15. Tatu za mwanzo ni za kaunti. Bungoma ni 039. Tatu zinazofuata ni za eneobunge. Bumula ni 219. Kisha zinakuja nne za wadi, tatu za mahali pa kupigia kura, na mbili za mwisho za mkondo, yaani kituo kimoja kati ya vilivyo mahali hapo. Anayeujua mpango huu anaweza kuisoma nambari bila msaada, na anaweza hata kukisia inayofuata. Hivyo ndivyo rekodi ya umma inavyotakiwa kuwa. Kituo kikikosekana kwenye orodha, pengo linaonekana.

Mkufu wa Google Drive umetengenezwa kwa nia iliyo kinyume kabisa. Hauna kaunti, hauna mwaka, hauna mpangilio. Kila nafasi inaweza kushika moja ya alama 64, na nafasi zikiwa zaidi ya thelathini, kompyuta inayokisia mara milioni moja kila sekunde ingekesha tangu dunia iumbwe bila kubahatisha faili moja ya mtu. Kutokisika huko ndiko ulinzi wenyewe wa faili uliyoifungua kwa yeyote mwenye linki. Hakuna mlinzi mwingine. Faili haimwulizi mtu jina, haimwulizi anatoka kijiji gani. Aliye na mkufu anaingia.

Basi linki ikiwekwa mahali pa wazi, ule ugumu wa kukisia haumsaidii mtu tena. Julai 2018 watumiaji wa Yandex, mtambo wa utafutaji wa Urusi, walianza kukuta hati za Google za watu wengine, baadhi zikiwa na nywila, kwa sababu wenyewe walikuwa wameziacha wazi kwa mwenye linki na linki zikafika mtandaoni. Februari 2020 ikaja zamu ya WhatsApp: linki za kualika watu kwenye vikundi ziligunduliwa zikiwa kwenye matokeo ya Google, na yeyote angeweza kuingia kikundi ambacho hakualikwa. Katika visa vyote viwili hakuna aliyevunja kufuli. Milango ilikuwa imeachwa wazi na wenye nyumba.

Sasa rudi kwenye folda ya basari na uitazame kwa jicho hilo. Folda ya Drive huambukiza ruhusa: ukiifungua kwa kila mwenye linki, kila faili iliyomo inafunguka, na kila utakayoitupia humo kesho kutwa itafunguka pia bila kuulizwa. Ile orodha ya waliopewa mwaka jana ina majina ya watoto, shule zao, namba za usajili, pengine na namba za simu za wazazi. Pengine ina safu inayosema nani ni yatima. Aliyeipakia hakukusudia kuianika. Alikuwa na folda moja ya kazi, na akatuma linki yake. Angetuma linki ya ile fomu pekee, mwenye linki asingeweza kupanda kutoka kwenye faili hadi kwenye folda na kuchungulia majirani zake. Uchumi wa bando na usiri wa mtoto, kwa bahati nzuri, vinadai kitu kile kile.

Sheria nayo ipo. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali, na cha 31 kinamlindia faragha yake. Fomu ya 34A iko upande wa kwanza, orodha ya mayatima iko upande wa pili. Sheria ya Kulinda Data ilitiwa sahihi Novemba 2019, na mwaka uliofuata Immaculate Kassait akaapishwa kuwa kamishna wa kwanza wa data. Kwa muda watu waliichukulia kuwa sheria ya mabenki na kampuni za simu. Kisha, Septemba 2023, ofisi yake ikaipiga shule moja ya Uthiru, Roma School, faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kilabu kimoja cha Nairobi, Casa Vera, kilitozwa shilingi milioni 1.85 kwa kubandika picha ya mteja bila ridhaa yake. Visa hivyo havikuwa vya Drive, lakini sheria haiulizi ulitumia chombo gani kuianika data ya mtu, na mwalimu mwenye folda ya picha za siku ya michezo anafaa kuijua ile tarakimu ya kwanza.

Linki pia hufa, na ya folda ya mtu binafsi hufa upesi zaidi. Tim Berners-Lee, aliyeubuni wavuti, aliandika mwaka wa 1998 kwamba anwani hazibadiliki zenyewe. Watu ndio wanaozibadilisha. Mashinani mtu huyo mara nyingi ni kijana wa ICT aliyehama. Nyaraka zote za ofisi zilikuwa kwenye Gmail yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua. Akapata kazi Kitale, akapanda gari la kupitia Webuye na Kamukuywa, na miezi michache baadaye akafuta vitu ili simu yake ipate nafasi. Tangu Desemba 2023 Google yenyewe inaweza kufuta akaunti binafsi ambayo haijaguswa kwa miaka miwili, pamoja na kila kilichomo. Akaunti za wanafunzi wa vyuo nazo ni za chuo, na chuo kikizifunga baada ya mahafali, linki zote zilizosambazwa kutoka humo zinaondoka nazo. Kikundi, shule au ofisi inayotaka linki zake zidumu inahitaji akaunti iliyo ya taasisi, ambayo nywila yake inajulikana na watu wawili watatu na inafunguliwa mara kwa mara.

Akaunti hiyo ikipatikana, Drive ina kifaa ambacho wachache hukitumia. Kwenye kompyuta, bofya faili ya PDF kwa kitufe cha kulia na utafute sehemu ya kudhibiti matoleo. Hapo unapakia faili mpya juu ya ya zamani, na mkufu haubadiliki hata alama moja. Mweka hazina wa chama anaweza kubandika linki moja Januari na kuwasasishia wanachama hesabu kila mwezi bila kutuma ujumbe mwingine. Fomu ya basari iliyokosewa tarehe inaweza kurekebishwa usiku, na linki ile ile iliyokwisha kufika Siboti ikafungua iliyo sahihi asubuhi. Toleo la zamani hubaki nyuma kwa siku 30, au hadi matoleo yafikie 100, ndipo lifutwe, ila kama mwenyewe ameweka alama ya kulihifadhi daima.